Vifungo vya Matundu Manne

"Siku hii mumeo alinyoa watu kumi na wanne," alisema profesa wa takwimu. Alikuwa ameushika ukurasa kwa ncha za vidole viwili, kama mtu aliyeokota kitu kichafu. "Kwa kutumia nini?"

"Mashine, Profesa."

"Mashine inatumia nini?"

"Umeme."

Profesa aliuweka ukurasa mezani, akashusha miwani hadi katikati ya pua, akamtazama mwanafunzi wake kwa utulivu uliotisha kuliko ukali. "Siku hii, mama, umeme ulikatika mji mzima, tangu alfajiri hadi watu wanalala. Nakumbuka vizuri kwa sababu nilifundisha kwa chaki na nusu ya darasa ikasinzia. Sasa nieleze. Wale kumi na wanne aliwanyoa kwa meno?"

Daktari wa biashara, mwanamke mnene aliyekaa pembeni mwa meza, aliachia kicheko kabla hajawahi kukizuia. Halafu akakumbuka kwamba mzaha huo ulimgusa na yeye, akanuna. Wiki iliyopita tu aliandika "bora sana" kwenye jalada la kazi hiyohiyo, kwa wino mwekundu, na kupigia mstari.

Mwanafunzi mwenyewe mtaani wanamwita Digrii Mbili. Jina lilianza kama utani wa muuza duka wa kona, siku aliposikia kwamba mama huyu, karani wa stoo katika kiwanda cha rangi, mwenye mume, mtoto na mama mkwe ndani, anasoma shahada mbili za uzamili kwa mpigo: usimamizi wa biashara na uchambuzi wa data. Watu wengine hutafuta moja na kuishia na vidonda vya tumbo. Yeye alisema kama ni kukosa usingizi, basi akose mara moja kwa zote mbili. Utani ukazoeleka, ukawa jina, na siku hizi hata mama mkwe wake humwita hivyo mbele za wageni, kwa kujigamba.

Raha ya mpango huo ni kwamba mwishoni unaandika mradi mmoja tu, unaosahihishwa na idara zote mbili. Unachukua biashara ya kweli, unakusanya data zake, unazichambua, kisha unaishauri biashara hiyo ifanye nini. Karaha yake ndiyo hii aliyokuwa akiiona sasa: mradi ukianguka, unaanguka na digrii mbili.

"Biashara yoyote ina siku mbaya," Profesa aliendelea. "Ya mumeo haina. Miezi mitatu mizima! Hata mimi nina siku mbaya, na mimi nalipwa mshahara."

"Na mimi nilitaka kukuuliza jambo," alisema Daktari, sauti ikiwa baridi. "Kama wateja ni wengi hivi, mbona ada unalipa vipande vipande? Kila muhula unaniletea barua ya kuomba uongezewe muda. Pesa ya vichwa vyote hivi inakwenda wapi?"

Digrii Mbili alihisi masikio yakiwaka moto. "Wengine wanakopa, Daktari. Wengine ni ndugu, hawatozwi." Hata yeye alisikia jinsi jibu lilivyokuwa jepesi.

"Unajua chuo kinaitaje jambo hili," alisema Profesa. "Kupika data. Kamati inakaa Ijumaa. Ikithibitika, unafutwa kwake na unafutwa kwangu. Ukiwa na maelezo, njoo nayo."

"Sikupika, Profesa. Naapa."

"Basi kuna aliyepika," alisema Profesa. "Namba hizi zimetoka kichwani mwa mtu."

*

Duka la kunyolea la mumewe lilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, vioo viwili, benchi la kusubiria, na kando ya mlango kiti cha plastiki cha mama mkwe. Bibi huyu alikuwa fundi cherehani miaka thelathini, akishona sare za shule, hadi macho yalipogoma. Tangu hapo hukaa dukani kwa mwanawe mchana kutwa, akisalimia wapita njia na kuwaambia wanahitaji kunyolewa.

Juu ya rafu, katikati ya chupa ya spiriti na kopo la poda, palikuwa na kopo jingine la bati lililotobolewa mfuniko. Hilo ndilo lililokuwa chombo cha utafiti. Mwanzoni Digrii Mbili alimwekea mumewe programu nzuri kwenye simu, ya kubonyeza kila mteja anapoinuka. Simu ikajaa povu na nywele, Kinyozi akasahau kubonyeza, siku nyingine akabonyeza mara tatu kwa kidole cha mafuta. Pesa nazo hazikuweza kuhesabu vichwa, kwa kuwa huyu analipa taslimu, yule kwa simu, yule mwisho wa mwezi, na yule ni binamu. Ndipo Bibi akatoa wazo na mtaji: mfuko wa vifungo vyeupe vya mashati ya shule, vilivyobaki alipofunga kazi. Kila mteja kifungo kimoja kwenye kopo. Jioni mkewe anamimina, anahesabu, anaingiza namba kwenye kompyuta, na vifungo vya siku hiyo anavifunga kwenye kijaluba cha plastiki chenye tarehe, kwa sababu Profesa aliwafundisha kwamba data mbichi haitupwi. Profesa mwenyewe alilisifu kopo hilo darasani.

Digrii Mbili alipoingia, kiti kilikuwa na mteja mwenye povu nusu ya uso. Hakusalimia vizuri.

"Ile siku umeme ulikatika mji mzima, ulinyoa watu wangapi?"

"Siku ipi hiyo?" Kinyozi hakugeuka, wembe ulikuwa shingoni mwa mtu.

"Ile tuliyokula kwa mshumaa."

"Aa, ile!" Alicheka. "Ile nilifagia duka mara nne. Sikunyoa hata paka."

Mteja naye akacheka ndani ya povu. Digrii Mbili hakucheka.

"Kopo lilikuwa na vifungo kumi na vinne."

Wembe ulisimama. Pale kwenye kioo Kinyozi alimwona mkewe nyuma yake na begi la vitabu begani, macho mekundu, na akaelewa kwamba si maswali ya kawaida. Bibi, ambaye kwa kawaida hakuna neno linalompita bila kulidaka, aliinuka ghafla.

"Nimekumbuka, nimeacha kitu jikoni."

"Mama, kaa," alisema Digrii Mbili.

Bibi alikaa.

"Jamani," mteja alisema, akiwa amekaza shingo, "nimalizieni upande wa pili basi. Mtagombana nikishaondoka."

Alimaliziwa haraka, tena vibaya, akalipa nusu na kuahidi nusu. Kinyozi aliteremsha pazia la mlango, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana, akabaki amesimama na taulo mkononi.

"Wanasema nimepika data," mkewe alisema. "Ijumaa kamati inakaa. Watanifukuza kote kuwili. Miaka mitatu nimelala kwa saa nne tu kila usiku, mtoto nimekuachia wewe umchane nywele mpaka akaanza kufanana na wateja wako, halafu nifukuzwe kwa jina la uongo! Nani aliweka vifungo?"

"Si mimi," alisema Kinyozi. "Sikuweka hata kimoja cha ziada. Haki ya Mungu." Kisha akalikunja taulo mara mbili, akalikunjua. "Lakini niliona."

"Uliona nini?"

"Mtu akifanya kazi kutwa, mikono inajua. Mimi nilikuwa nanyoa saba, nane. Jioni unamimina, unasema kumi na sita. Mara ya kwanza nikadhani nimesahau. Mara ya pili nikajua kuna jambo." Alimtazama mkewe kupitia kioo, maana moja kwa moja alishindwa. "Halafu ukanionyesha ule mchoro wako, mstari unapanda. Ukasema, mume wangu, tazama, huyu ni wewe. Ukanikumbatia. Nikanyamaza. Nilimpenda yule mtu wa kwenye mchoro kuliko huyu."

 Digrii Mbili alikuwa amekuja na hasira yote aliyokuwa nayo, na sasa hakujua aiweke wapi. Akamgeukia mama mkwe wake.

"Mama?"

Bibi alikuwa akilisugua doa lisilokuwepo kwenye kitenge chake. "Siku ile ya umeme lilikuwa tupu kabisa," alisema kwa sauti ndogo. "Nilitikisa, hakuna kitu. Likanitia huruma."

"Kopo, mama? Ulilionea huruma kopo?"

"Kopo la mwanangu," alisema Bibi.

*

Nyumbani hakuna aliyekuwa na hamu ya chakula isipokuwa binti yao, aliyekula sahani yake na ya baba yake, kisha akaagizwa akafanye hesabu za shule chumbani, akaenda akaacha mlango wazi ili asikie. Digrii Mbili alilivuta sanduku kutoka uvunguni mwa kitanda na kuvimwaga vile vijaluba vyote sebuleni, juu ya mkeka. Hakujua anatafuta nini. Alitaka tu kuviona.

"Kwa nini, mama?" aliuliza. Hasira ilikuwa imeshuka na kuacha uchovu. "Mimi ningekosana na wewe kwa sababu duka lina watu wachache?"

Bibi alilikunja pindo la kitenge chake. Mtu aliyezoea kusema sana huona taabu kusema lile moja linalomkaa moyoni.

"Wewe unapanda," alisema hatimaye. "Kila mwaka unapanda. Ulikuja hapa una cheti, ukapata digrii, sasa mbili nyingine. Yeye yupo palepale na kiti chake kimoja. Siku ulipomwekea ile programu kwenye simu, nilisema moyoni, haya, sasa anamhesabu. Akimaliza kuhesabu aone ana mume wa vichwa saba kwa siku, atafunga virago. Na akifunga virago, mwanangu atakufa, na mimi mjukuu wangu nitamwona wapi?"

"Nimekaa nyumba hii miaka kumi na mbili nikisubiri hesabu?"

"Najua. Ni ujinga. Lakini hofu haina akili, mwanangu."

Digrii Mbili alilia wakati huo, kwa sauti, bila kujifunika. Alilia kwa ajili ya Ijumaa, na kwa sababu kulikuwa na mzee ndani ya nyumba yake aliyekuwa akiishi kwa hofu, na yeye, aliyesomea kuona mambo ndani ya namba, hakuona. Kinyozi alimsogelea akakaa karibu, akashindwa pa kuweka mikono. Bibi naye alianza kufuta machozi kwa ncha ya kitenge. Baadaye kidogo, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua, akasema:

"Sasa vyangu utanirudishia lini?"

"Vyako vipi, mama?"

"Vifungo vyangu. Sikuchukua kwenye mfuko niliowapa. Ule ni wenu, wa utafiti, ningeugusaje? Nilikuwa natoa kwenye kopo langu la nyumbani, nakuja navyo mfukoni. Vizuri vile, vya mashati ya wakubwa. Nilijua ukimaliza masomo utanirudishia."

Digrii Mbili alishusha mikono usoni. "Vina tofauti?"

"Mwanangu! Vya shule vina matundu mawili. Vyangu vina matundu manne."

 Kinyozi alichukua kijaluba cha karibu, akakifungua, akamimina kiganjani. Vyote vyeupe, vyote ukubwa mmoja. Aliinua kimoja kwenye taa. Matundu mawili. Kingine, mawili. Cha tatu, manne.

"Wee!" alisema.

Binti alitoka mbio chumbani bila kuitwa. Walikaa wanne kwenye mkeka, wanawake wakavua bangili zisivuruge mafungu, wakaanza. Kijaluba kimoja kwa wakati mmoja, tarehe kwa tarehe: matundu mawili kushoto, manne kulia. Bibi macho yalikuwa hayaoni vizuri, lakini ncha ya kidole chake ilitosha. Kijaluba cha siku ya umeme kilitoa vyote vya matundu manne, kumi na vinne bila hata kimoja cha shule, na wote wakacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, hata Bibi, ingawa yeye alicheka akitazama chini.

Miezi yote mitatu Digrii Mbili alikuwa amevimimina vifungo hivyo kila jioni na kuvihesabu viwili viwili kwa kidole, akili ikiwa kwenye mtihani wa kesho yake. Alihesabu, hakuangalia. Sasa alivyokuwa akiingiza namba mpya kwenye kompyuta, ule mstari uliokuwa ukipanda ulianza kulala chini, ukawa na mabonde, ukawa na siku za watu wawili na Jumamosi za watu ishirini. Jumanne zilikuwa za kusikitisha. Wastani ukatoka nane na kidogo.

Kinyozi alikuwa akichungulia begani kwake. "Hiyo ndiyo sisi?"

"Hiyo ndiyo sisi."

"Sasa lile tawi?"

Hapa inafaa ijulikane kwamba sehemu ya mwisho ya mradi, ile iliyopigiwa mstari wa wino mwekundu, ilishauri duka lifungue tawi la pili, lenye viti vitatu na vijana wawili wa kuajiriwa, kwa mkopo wa benki. Na kwa kuwa mshauri na mshauriwa wanalala kitanda kimoja, ushauri ulikuwa umeanza kutekelezwa. Chumba kilikuwa kimeshaangaliwa, na mwenye nyumba alikuwa akiwashikia hadi mwisho wa mwezi.

"Tawi la nini?" alisema Digrii Mbili. "Kwa watu wanane? Tungekopa tukafilisika kabla rangi ya ukutani haijakauka."

"Yaani hatufungui?"

"Hatufungui."

"Hata mwakani?"

"Hatufungui, mume wangu."

Kinyozi alijilaza chali palepale kwenye mkeka, vifungo vikamchoma mgongoni, na akavuta pumzi ndefu sana. Halafu akacheka, na kicheko kikageuka karibu kilio. Kumbe kwa wiki tano alikuwa hapati usingizi. Kumbe kila akipita mbele ya kile chumba alikuwa akivuka barabara ili mwenye nyumba asimwone. Alikuwa ameshapiga hesabu kwamba angekuwa analipa benki hadi binti yao aolewe.

"Mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Wewe una michoro ya rangi. Mimi nina nini? Nina woga tu."

"Woga wako ulikuwa sahihi kuliko michoro yangu."

"Basi mwandikie Profesa hivyo," alisema Kinyozi, bado amelala chali, uso umemlegea kwa raha.

*

Ijumaa walikwenda wote watatu. Digrii Mbili alisema anakwenda peke yake, lakini Bibi alikuwa ameshavaa gauni lake la kutokea tangu asubuhi na amekaa mlangoni na mkoba magotini, na mtu aliyekaa namna hiyo habishiwi.

Getini mlinzi alitaka sanduku lifunguliwe. Aliona vijaluba vya plastiki, vidogo, vyenye tarehe, vimejaa vitu vyeupe, akarudi nyuma hatua moja.

"Hizi ni dawa gani?"

"Vifungo," alisema Kinyozi.

"Vya nini?"

"Data," alisema Bibi.

Mlinzi aliwaita wenzake wawili, wakafungua vijaluba, wakanusa, wakashauriana. Wanafunzi waliokuwa wakipita walisimama kutazama mama mtu mzima anakaguliwa vifungo. Digrii Mbili alitazama mbele tu. Alikuwa ameshaona aibu nyingi wiki ile, hii ilipita bila kupata pa kukaa.

Kamati ilikuwa na watu watatu: mwenyekiti mwenye mvi, Profesa, na Daktari. Digrii Mbili alieleza yote akiwa amesimama, bila kumtupia mtu lawama. Alipomaliza, mwenyekiti alimgeukia Bibi.

"Mama, shikamoo. Unajua hili ulilofanya linaitwaje?"

"Marahaba. Linaitwaje?"

"Kughushi data."

"Mimi nililiita kumsitiri mwanangu," alisema Bibi. "Lakini nimeambiwa. Basi naomba niseme moja, kisha nitanyamaza. Huyu binti hakujua. Nilimdanganya yeye kwanza kabla ya nyinyi. Kama kuna wa kufukuzwa hapa, nifukuzeni mimi."

"Wewe si mwanafunzi wetu, mama."

"Basi si imekwisha?"

Mwenyekiti alikohoa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Daktari aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Profesa peke yake ndiye ambaye hakucheka. Alikuwa amesogeza sanduku upande wake na kuchukua vijaluba vitatu kutoka sehemu tofauti, bila kuchagua. Alivimimina kimoja kimoja mezani, akavaa miwani, akatenga mawili na manne, akahesabu, akalinganisha na jedwali jipya. Vilikubaliana vyote. Akachukua vingine vitatu. Chumba kizima kilikuwa kinasikia vifungo tu vikigonga meza.

"Kwa nini ulivitunza?" Profesa aliuliza.

"Ulisema data mbichi haitupwi."

"Nasema hivyo kila mwaka. Hakuna anayenisikiliza." Alivua miwani. "Kosa lako wewe ni lipi? Si la mama. Lako."

"Nilihesabu, sikuangalia," alisema Digrii Mbili. "Na kuna lingine. Pesa ya nyumbani haikuongezeka hata kidogo. Niliona. Mimi ndiye ninayenunua unga na sabuni, ningekosaje kuona? Nikatafuta sababu, kwa kuwa mstari ulikuwa unapanda na niliupenda."

Daktari wa biashara aliutazama ule wino wake mwekundu kwenye jalada. "Na mimi niliupenda," alisema. "Swali la pesa nilipaswa kuliuliza kabla ya kuandika 'bora sana'. Nililiuliza baada ya kuchekwa." Ilimgharimu kusema hivyo, ilionekana.

Waliwaomba wasubiri nje. Kinyozi na Bibi walikaa kwenye benchi, Digrii Mbili alisimama akisoma tangazo lilelile ukutani bila kuelewa neno. Mlango ulipofunguliwa tena, aliitwa yeye peke yake.

"Hukupika," alisema mwenyekiti. "Lakini kazi hii haiwezi kupita. Utahesabu upya miezi mitatu, utaandika upya pande zote mbili, na humo ndani utaeleza kosa lilitokeaje. Alama za juu kabisa usizitarajie. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Sijafukuzwa?"

"Hujafukuzwa."

"Kote kuwili?"

"Kote kuwili, mama. Nenda nyumbani."

 Alisema asante mara nyingi mno, akapeana mikono na kila mtu, hata na karani aliyeleta maji. Kule nje Kinyozi alikuwa amesimama katikati ya njia, kofia mkononi. Alimwona mkewe anavyotembea na akajua kabla hajaambiwa, maana si mikono peke yake inayojua. Digrii Mbili alimkumbatia mbele ya wanafunzi, bila mchoro wowote safari hii.

"Tumesamehewa?" aliuliza Bibi.

"Tumesamehewa, mama. Tunaanza upya."

"Na vifungo vyangu?"

Profesa alikuwa ametoka nyuma yao, ameshika kijaluba cha siku ya umeme. "Hiki naomba nibaki nacho," alisema. "Nitakionyesha darasani." Bibi alifikiri kidogo, kisha akamwambia achukue, lakini akahesabu kwanza kama vimetimia.

*

Alifaulu. Zote mbili, kwa alama za kawaida tu, za mtu anayefaulu. Ushauri wake mpya kwa duka ulikuwa mfupi: tawi lisifunguliwe, Jumanne lifungwe, na Jumamosi awepo mtu wa kumsaidia. Siku ya mahafali alivaa joho moja na kupanda jukwaani mara mbili, na mumewe alivaa shati jipya alilokatiwa na mama yake kwa kidole zaidi ya jicho, kola imekaa upande kidogo, vifungo vyote vya matundu manne.

Kiwandani walimtoa stoo na kumpa meza ya mipango. Mtaani jina lilibaki lilelile. Kinyozi sasa hulala Jumanne hadi jua linapanda, na majirani waliodhani anaumwa wameshazoea.

Wiki moja baada ya mahafali mvua ilinyesha kutwa nzima. Jioni Kinyozi aliingia ameloa mabega, akiwa na kopo la bati kwapani, akaliweka mezani mbele ya mkewe.

"Wawili," alisema, kabla hajaulizwa.

"Mume wangu, shule imekwisha. Hakuna anayetudai namba tena."

"Najua. Wewe andika."

Digrii Mbili alifungua mfuniko, akamimina. Vifungo viwili, na safari hii aliviinua kimoja kimoja kwenye taa. Matundu mawili, matundu mawili. Akavuta kompyuta, akaandika.

"Mmoja alikuwa mtoto mdogo, alilia mwanzo hadi mwisho," Bibi alisema kutoka kwenye kiti chake, mikono imetulia magotini. "Liandikwe na hilo."

Likaandikwa. Kinyozi alivua viatu, akanawa, akala akisimulia jinsi yule mtoto alivyomng'ata, na kabla sahani hazijaondolewa alikuwa amesinzia palepale kitini, mdomo wazi. Kopo lilibaki mezani na vifungo vyake viwili, na nyumba nzima hapakuwa na mtu aliyelionea huruma.